Fomu Kavu za Mtaa wa Chini

Machi 3

Leo nimekabidhiwa maboksi sita ya fomu na wadadisi wawili. Maboksi sina neno nayo. Wadadisi ndio shida. Mmoja ana miaka sitini na tatu, alisambaza barua miaka thelathini, na ofisi nzima inamwita Mzee Posta. Anatembea kama ametumwa kuhesabu mawe ya njiani. Mwingine ana miaka kama thelathini, viatu vinang'aa, anajibu kabla hujamaliza kuuliza. Huyo wanamwita Umeme. Mimi ni msimamizi wao, na utafiti wenyewe ni wa nguvu kazi: nani anafanya kazi, nani hana, nani ameacha hata kutafuta.

Mkurugenzi alitueleza kwa simu kutoka makao makuu. Safari hii namba zina kazi. Mtaa utakaoonekana kuwa mtu mmoja kati ya watano wanaotaka kazi hana kazi, serikali itawaajiri watu wake miezi minane kuchimba mifereji, kisha itawafundisha ufundi. Chini ya hapo, hakuna kitu. "Mkikosea, tutapeleka dawa kwa mzima na kumwacha mgonjwa," alisema. Nimeipenda kauli hiyo. Niliirudia mbele ya wadadisi kana kwamba ni yangu.

Tena nafasi ya mkuu wa takwimu iko wazi. Sijasema chochote kwa mtu. Naandika hapa tu.

Machi 5

Mvua ya kwanza. Mtaa wa chini nimempa Posta, nyumba mia moja na ishirini. Umeme amepata mtaa wa juu, kwenye lami.

Machi 8, Jumapili

Nimekula kwa dada yangu, mtaa wa chini. Mumewe alikuwa fundi mitambo kwenye kiwanda cha magunia, kile kilichofunga miezi kumi na minne iliyopita na kuwamwaga watu mia nne, wengi wao wa mtaa huohuo. Tangu siku hiyo shemeji amefagia uwanja mpaka uwanja umebaki na mashimo.

"Shemeji, hiyo mifereji ni kweli?" aliniuliza hata sijakaa.

"Ni kweli. Inategemea hesabu."

"Hesabu gani tena? Pita nyumba hadi nyumba uone wanaume walivyokaa vibarazani kama wagonjwa wanaosubiri daktari."

Dada akaniita jikoni. Kuna mtu anamtaka shemeji machimboni, kule wanakochimba mchanga. "Nimemkatalia, kaka. Ule ukuta wa mchanga ukilowa unaporomoka. Ulimfunika mtu mwezi wa pili. Nimwambie asubiri?"

"Mwambie asubiri," nilimjibu. "Mimi ndiye ninayehesabu."

Nilijisikia mtu mkubwa. Mpwa wangu alinibebea mwavuli mpaka njia panda.

Machi 11

Posta ameleta fomu tano. Tano! Umeme thelathini na moja.

Machi 13

Posta tena, fomu nne, zote zina matope, moja ina alama ya kikombe. Nilizishika kwa ncha za vidole mbele ya watu wote.

"Mzee, ulikuwa unahoji watu au unalima?"

Ofisi ilicheka. Yeye hakucheka wala hakukasirika, na hilo ndilo lililonikera.

"Bwana msimamizi, ukimwuliza mtu kama anafanya kazi, kwanza anasema anafanya. Anaona aibu. Mpaka ukae, mzungumze ya mvua na ya watoto, ndipo anakwambia ukweli. Si swali la dakika kumi hilo."

"Fomu imeandikwa dakika kumi na nane."

"Aliyeiandika hajakaa kibarazani kwao."

Nilimwambia kama anataka kukaa vibarazani astaafu mara ya pili. Watu wakacheka tena. Nilirudi nyumbani nimefurahi.

Machi 16

Mvua siku tatu mfululizo. Kule chini maji yameingia majumbani.

Machi 19

Nimempokonya Posta mtaa wa chini. Katika wiki mbili amefanya nyumba ishirini na mbili. Nimempa Umeme zilizobaki tisini na nane. Posta nimemweka kupanga faili, kwenye kiti kilichokatika mguu.

Umeme aliomba ufunguo wa stoo atafute mifuko ya nailoni ya kufunikia fomu. Nikampa. Kijana anafikiria mbele.

Machi 20

Mvua.

Machi 21

Mvua. Umeme fomu kumi na saba.

Machi 25

Umeme kaleta ishirini na mbili, safi, mwandiko umenyooka, kavu kabisa. Nimeziweka mezani ziangaliwe na kila anayepita. Nilimwita Posta aje azione. Alizigusa moja moja kwa kiganja, kama mtu anayepima homa ya mtoto.

"Kavu," alisema.

"Ndiyo, mzee. Kavu. Huo ndio utaratibu."

"Jana nilipita daraja dogo la kuingilia mtaa wa chini. Maji yalinifika kiunoni." Akatazama viatu vya Umeme, akarudi kwenye kiti chake kibovu.

Wivu wa wazee hauna dawa. Nimeandika barua ya kuomba aondolewe.

Machi 30

Umeme amemaliza tisini na nane. Watu wazima wasio na kazi ni wachache mno, unaweza kuwaweka kwenye benchi moja. Sasa nina tatizo: zile ishirini na mbili za Posta zinasema karibu nusu ya watu hawana kazi. Mtaa mmoja, njia moja, ukuta kwa ukuta, hauwezi kuwa na majibu mawili hivyo. Kitabu cha mwongozo kinasema majibu yanayopishana sana na mengine yachunguzwe. Nimeyachunguza. Mzee alikuwa anakaa, anapewa chai, anaonewa huruma na yeye anawaonea huruma, basi anaandika vilio. Ametia chumvi. Nimezitoa fomu zake zote, nimezirusha kwenye boksi stoo, na Umeme atarudia nyumba hizo.

Aprili 2

Barua imejibiwa. Posta ameondolewa. Nilimsomea mwenyewe, nimesimama, yeye ameketi.

"Sawa, bwana," alisema. "Mimi nitapata cha kufanya. Lakini zile fomu usizichome. Za watu wale, siyo zangu. Nakuachia wewe mkononi."

Akatoa kalamu ya ofisi mfukoni, akaiweka mezani. Hata kifuniko hakikupotea.

Aprili 3

Umeme amerudia zile ishirini na mbili. Siku moja! Mvua haikukatika.

Aprili 7

Utaratibu unanitaka nirudie mwenyewe nyumba moja kati ya kila kumi, nihakikishe mdadisi alifika. Ni nyumba kumi na mbili za mtaa wa chini. Nimesimama dirishani nusu saa nikiangalia maji ya barabarani yakipita na mabati ya mtu. Nimekaa nikasaini zote kumi na mbili. Kila msimamizi hufanya hivyo mvua ikinyesha, tusidanganyane.

Aprili 9

Nimepeleka namba, wa kwanza katika wilaya zote. Mtaa wa chini: wasio na kazi asilimia mbili nukta tatu.

Namba hiyo niliisoma kwa sauti, ofisi nzima isikie.

Aprili 12, Jumapili

Nimetoka kwa dada sasa hivi. Naandika nimelowa.

Nilikuwa nakula, nikasema kwa mzaha, "Yule kijana wangu mwenye viatu alikuhojini vizuri?"

"Kijana gani?" dada akauliza.

"Aliyekuja wiki iliyopita na fomu."

"Hakuna kijana aliyekuja, kaka. Alikuja mzee mmoja mpole, mwezi wa tatu mwanzoni, akakaa saa nzima. Alimwuliza shemeji yako mpaka machozi yakamtoka. Baada yake hajaja mtu. Nani angevuka maji haya?"

Shemeji akadakia: "Ila mzee alitosha. Alisema kwa jinsi anavyoona, mifereji hatuikosi."

Nililirudisha tonge sahanini. Nikanywa maji, nikasema ndiyo, alitosha.

Aprili 13

Nimewahi ofisini kabla ya mfagiaji. Nyumba namba arobaini na saba, ya dada, kwa mwandiko ulionyooka wa Umeme: shemeji ameajiriwa, kiwanda cha magunia, saa arobaini na nane kwa wiki. Mpwa wangu ana miaka saba, ingawa mwezi uliopita nilimnunulia daftari za darasa la nne. Na mama mkwe wa dada, ambaye mwaka jana nilibeba jeneza lake begani, amejibu maswali kumi na tisa bila kuruka hata moja. Anashona saa ishirini kwa wiki. Ana afya.

Nilicheka peke yangu, kicheko kibaya. Nikaenda stoo. Kwenye rafu ya chini zipo fomu za utafiti wa miaka miwili iliyopita, nyumba zilezile, wakati kiwanda kinanguruma. Vumbi lote limefutwa. Alikaa humo, pakavu, akanakili jibu kwa jibu, akabadilisha tarehe tu. Hata umri alisahau kuongeza. Na ufunguo nilimpa mimi.

Umeme alipofika nilifunga mlango.

"Wewe mwana wa haramu, umehoji maiti!"

Hakushtuka. Alikaa bila kukaribishwa, akakunja mguu.

"Bosi, punguza sauti. Tuulizane taratibu. Zile nyumba kumi na mbili za ukaguzi ulizosaini, ulifika ngapi?"

Niligeukia dirisha.

"Basi. Mimi nimekopi, wewe umethibitisha. Ukinichoma, tunaungua kwenye chungu kimoja. Tena wewe una cheo kinakuja. Mimi nina nini cha kupoteza? Posho?"

Nilimchukia kwa sababu alikuwa anaongea kwa upole, kama mimi ninavyopenda kuongea na wadogo wangu. Nilimwambia atoke. Alitoka akanifungia mlango polepole.

Aprili 14

Nilinyanyua simu mara tatu. Mara ya nne ililia yenyewe. Mkurugenzi.

"Ndugu yangu, namba zako zimewafurahisha wakubwa. Unajua waziri anazitaka kesho? Mtaa wa kiwanda kilichofungwa, na watu wameshapata kazi nyingine! Ameambiwa ndio ushahidi kwamba soko linajirekebisha lenyewe. Nadhani unajua kinachofuata kwako."

Nilikuwa na sentensi moja tu ya kusema. Mkurugenzi, fomu zile si za kweli. Maneno sita. Niliyahesabu.

"Nashukuru sana, mkurugenzi," nilisema.

Aprili 15

Gari la kuchukua fomu zenyewe linakuja kesho. Nimefungua boksi la Posta. Fomu ishirini na mbili, zimegandana kwa unyevu. Nimeibandua moja, ya nyumba namba arobaini na saba, nikaiweka mahali pa ile ya Umeme. Ile ya Umeme nimeichana vipande na kuvitia mfukoni.

Nimepiga hesabu. Mtaa wa chini umetoka asilimia mbili nukta tatu kwenda mbili nukta saba. Shemeji sasa hana kazi kihalali. Haimsaidii chochote, inanisaidia mimi nilale. Nyumba nyingine mia moja na kumi na tisa hazina ndugu hapa ofisini.

Aprili 19, Jumapili

Sikwenda kwa dada. Nimesema naumwa.

Aprili 26, Jumapili

Naumwa.

Aprili 28

Orodha ya mitaa ya mifereji imetoka. Mtaa wa juu umo. Ndiyo, ule wenye lami na mifereji ya saruji pande zote mbili. Umeme kule alihoji watu kweli, maana ni pakavu, na kweli wengi wamepoteza kazi za maduka. Watachimba mifereji mahali penye mifereji. Mtaa wa chini haumo.

Dada alikuja ofisini mchana, kanga imemgandia mgongoni.

"Kaka, wameturuka. Imekuwaje?"

"Hesabu zilitoka hivyo."

"Hesabu za nani? Si ulisema wewe ndiye unayehesabu?"

Nilimwambia ofisi ni kubwa, namba zinapita mikono mingi, mimi ni kijipande tu. Nilimweleza kwa maneno marefu mpaka yeye akaanza kunifariji mimi. "Basi usijitese, kaka. Najua ungeweza ungetufanyia."

Nilimsindikiza hadi mlangoni. Umeme alimsalimia, "Shikamoo, dada." Nilitamani nimpige na mashine ya kugongea mihuri.

Mei 4

Watu wa mtaa wa chini wameandika malalamiko, saini mia mbili. Mkurugenzi ameniagiza niandae jibu. Nimeandika: "Kwa mujibu wa takwimu zilizokusanywa kitaalamu nyumba hadi nyumba, mtaa wenu hauna tatizo kubwa la ajira." Nimelisoma mara mbili. Kiswahili ni kizuri.

Mei 6

Dada amepiga simu. Shemeji ameanza machimboni.

"Umemruhusu?"

"Ningemkataza kwa kitu gani, kaka? Nilimzuia miezi miwili kwa neno lako."

Mei 7

Mvua.

Mei 9

Mvua.

Mei 11

Barua ya uteuzi. Mkuu wa takwimu. Watu wamenipongeza, Umeme amenipa mkono wake mkavu. Nimetazama mawingu siku nzima.

Mei 14

Ukuta wa mchanga umeporomoka saa nne asubuhi. Walikuwa watano. Wawili wametolewa wamekufa. Shemeji ametolewa mzima kuanzia kiunoni kwenda juu. Daktari amekata mguu wa kulia juu ya goti, wa kushoto anasema atauangalia.

Nilimkuta dada kwenye benchi la hospitali. Hakulia. Alikuwa ameshika kiatu cha mumewe, kimoja, anakifuta mchanga kwa ncha ya kanga, anafuta, anafuta. Nilikaa pembeni yake. Nikataka kumwambia kila kitu. Nikamuuliza kama amekula.

Mei 15

Nimeandika ukurasa mzima kuhusu jana, nimeuchana.

Mei 23

Naenda hospitali muda ambao najua dada hayupo. Muuguzi ameniambia yupo mzee mwingine anayekuja, anamsomea mgonjwa gazeti. Sikuuliza ni nani.

Juni 2

Barua kutoka makao makuu. Kwa sababu ya yale malalamiko, fomu zote za mtaa wa chini zimepitishwa kwenye mashine ya kukagua. Fomu mia moja na kumi na tisa zinakubaliana vizuri. Moja tu haifanani na nyingine yoyote: nyumba namba arobaini na saba. Mwandiko tofauti, karatasi imechafuka, majibu yanapishana na ya mtaa mzima. Wameshuku mdadisi aliipika. Naagizwa niende mwenyewe, nihoji upya, nirekebishe.

Nimeisoma nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Sijui kama niliitikia agizo hilo kwa sauti.

Juni 5

Mvua zimeisha. Nimeshuka mtaa wa chini kwa miguu, njia imekauka imepasuka. Wanaume walikuwa vibarazani. Wengine walinisalimia, "Shikamoo, mkuu."

Njiani nilikuwa nimeshapiga hesabu, siwezi kujizuia. Dada sasa anafulia watu nguo, siku tatu kwa wiki. Saa moja tu inatosha kuhesabiwa, kwa hiyo anafanya kazi. Shemeji hawezi kufanya kazi, na asiyeweza hahesabiwi kuwa hana kazi. Anatoka kabisa nje ya nguvu kazi, kama mtoto mchanga. Katika nyumba hiyo hakuna hata mtu mmoja asiye na ajira. Nikijaza kwa ukweli mtupu, fomu yao itafanana na zile mia moja na kumi na tisa za uongo. Mashine itaridhika.

Walinikaribisha ndani. Shemeji alikuwa kwenye kiti, shuka miguuni, amekonda shingo. Dada alisimama nyuma yake. Nikatoa fomu. Utaratibu unasema usome swali kama lilivyoandikwa.

"Katika siku saba zilizopita, je, mhusika amefanya kazi yoyote ya kipato, hata kwa saa moja?"

"Hapana," alisema dada.

"Je, alitafuta kazi?"

"Shemeji," alisema mgonjwa, anajaribu kutabasamu, "nitafute nikiwa nimebebwa?"

"Nasoma tu kilichoandikwa. Je, yuko tayari kuanza kazi ikipatikana?"

Alijiinua kwenye kiti kwa mikono miwili, mishipa ikamtoka.

"Niko tayari. Andika niko tayari. Mikono ninayo, naweza kukaa nikafanya kitu. Mwandikie mkubwa wako hivyo."

Sikuandika. Kuna kisanduku cha kuweka alama kama mhusika hana uwezo wa kimwili, na kinajazwa na mdadisi kwa kuangalia. Niliangalia. Nikaweka alama.

Dada aliona nilipoweka. Hakupandisha sauti.

"Mzee wa fomu amekuja hospitalini kila wiki," alisema. "Jana alikuja hapa."

"Anasemaje?"

"Hasemi mengi. Nilimwuliza mimi. Nilimwuliza fomu yetu ilikwenda wapi. Akasema alikuachia wewe mkononi."

Shemeji aligeuza uso ukutani. Nilihisi masikio yangu yakiwaka, nikaona haya kama ambavyo sijawahi kuona haya mbele ya mtu, na bado kalamu ilikuwa mkononi na fomu haijaisha.

"Dada..."

"Endelea, kaka. Usije ukaacha nafasi wazi, ukapata taabu kazini. Swali gani linafuata?"

Nikasoma linalofuata. Sauti ilikuwa yangu, ile ninayoitumia ofisini.

"Ni sababu ipi kuu inayomfanya mhusika asifanye kazi? Moja, anasoma. Mbili, kazi za nyumbani. Tatu, uzee. Nne, ugonjwa au ulemavu. Tano, nyingine, taja."

Dada akasogea, akainama mpaka nikasikia sabuni ya nguo za watu mikononi mwake, akaweka kidole kwenye ile tano, pale penye mstari mtupu wa kuandika.

"Sababu unaijua, kaka," alisema. "Andika wewe."

Nilizungushia nne.